Namba Saba, Bajo Caracoles

Miaka thelathini na mmoja nilikaa Rosario
mbele ya ubao wa matundu, nyaya mkononi,
nikisema, "Subiri, bwana, nakuunganisha."
Malargüe. Esquel. Cachi. Gobernador Gregores.
Miji niliijua kwa mikwaruzo yake:
kule kusini upepo uliingia hadi ndani ya waya,
na mtu akisema "Mama amefariki"
ilimbidi aseme mara mbili.

Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani.
Aldo akaitundika jikoni, akarudi nyuma hatua moja.
"Muda tumepewa," akasema,
"sasa twende tukauone huo upepo wako."
Alikuwa fundi wa makochi, misumari midomoni maisha yote,
maneno yake machache, na yakitoka yamenyooka.

Renault yetu nyeupe ilimzidi umri kitinda mimba wetu.
Mlango wa nyuma tuliufunga kwa kamba,
viti akavishona upya kwa kitambaa cha maua
kilichobaki kwenye kochi la mke wa daktari.
Tukashuka hadi ncha ya chini ya nchi, tukageuza,
tukaanza kupanda barabara ya arobaini,
kilomita elfu tano na ushei, mpaka Bolivia.

Sitasema ilikuwa tamu kila siku.
Kule chini hakuna hata mti wa kujificha.
Ukibanwa haja, mumeo anakutandazia koti kama pazia,
upepo unalichukua koti,
na guanako kumi na wawili wanakutazama
kama wazee wa kanisa.

Tuligombana mara moja tu, lakini tuligombana kweli.
Chupa ya maji moto niliisahau juu ya pampu ya petroli,
na mtu wa kwetu bila maji ya yerba ni yatima.
Kilomita tisini mbele Aldo akanyoosha mkono, akagusa hewa.
Hakusema neno. Akageuza gari.
Kilomita tisini tena, kimya,
kokoto zikipiga tumbo la gari
kama mgeni abishaye hodi asifunguliwe.

Tukaikuta. Imebonyea ubavu;
kijana wa pampu alikuwa akizuilia mlango usibamizwe.
Nikacheka hadi nikakaa chini kwenye vumbi.
Aldo akakaa pia.
Na pale chini nilipokaa ndipo nikaiona, ukutani ndani,
simu nyeusi, na chini yake kibao: 7.

Bajo Caracoles, namba saba!
Nilikuwa nimeiita mara ngapi, usiku wa ngapi?
"Inafanya kazi?"
"Ilikufa kabla sijazaliwa, mama."
Nikaiweka sikioni hivyo hivyo.
Hakuna kitu.
Upepo ulikuwa nje tu, mkubwa, bila mkwaruzo hata mmoja.

Yaliyofuata yamenibakia vipande:
yai la kuchemsha kando ya njia, San Juan,
chumvi imefungwa kwenye gazeti;
kule juu milimani midomo ya Aldo ya buluu,
na mwanamke muuza soksi akimpa majani ya koka atafune,
akikataa hela.
La Quiaca tulifika saa nane mchana, mji mzima umelala.
Kibao cha mwisho wa barabara kilikuwepo,
mbwa akakinyanyulia mguu, tukapiga picha.
Nusu ya picha ni kidole gumba cha Aldo.

Sasa yapata miaka kumi na mmoja.
Gari tulimuuzia msambaza mikate;
nasikia maua ya vile viti yananuka hamira.
Chupa bado tunayo. Inamimina upande,
imeshaniunguza kidole si mara moja.
Aldo masikio yamekwisha,
kila jambo namwambia mara mbili.

"Unaikumbuka Caracoles?"
"Nini?"
"Caracoles!"
Anatikisa kichwa taratibu, anaangalia mezani, kisha ananiangalia mimi.
"Chupa," anasema, "umeichukua?"